Mafua Mapya Yakitajwa, Bukavu Tufanye Nini?

Mapema Desemba 2024 redio za dunia nzima zilitangaza kwamba Panzi, Kongo, kuna ugonjwa usiojulikana: homa, kichwa, kikohozi, mafua, na watu wanakufa. Kwa msikilizaji wa Paris au Nairobi, Panzi lilikuwa jina tu. Kwa mtu wa Bukavu, Panzi ni mtaa wa komini ya Ibanda, ni hospitali ya Daktari Denis Mukwege, ni mahali alipojifungulia dada yake. Mpelekee mama anayeuza sambaza Nyawera ujumbe wa simu unaosema «ugonjwa wa ajabu umeingia Panzi», uone kama hatakusanya beseni lake arudi nyumbani.

Haikuwa Panzi yetu. Ilikuwa zone ya afya ya Panzi katika jimbo la Kwango, huko kusini-magharibi karibu na Angola, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilihesabu wagonjwa 406 na vifo 31 kati ya tarehe 24 Oktoba na 5 Desemba. Wakuu wa jimbo walikuwa wameshataja vifo hadi 143. Wagonjwa wengi walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano, na waliozidiwa walikutwa na utapiamlo. Sampuli 12 za kwanza zilipopimwa, 10 zilikuwa na malaria. Mwisho wa Desemba jibu likawa hili: magonjwa ya kawaida ya njia ya hewa, mafua ya kila siku yakiwemo, yameungana na malaria katika miili ya watoto wenye njaa. Virusi vipya havikuwapo.

Basi siku mafua mapya yatakapotajwa tena, na yatatajwa, swali la kwanza liwe: wapi hasa? Zone ipi ya afya, jimbo lipi, tarehe gani, nani amesema? Ujumbe usio na mahali, tarehe wala msemaji, usiusambaze hata kama umeletwa na shemeji unayemheshimu sana. Sauti ya mtu anayelia kwenye simu akisema «ndugu zangu, tunakwisha» haithibitishi kitu. Jumbe za namna hiyo huzungushwa miaka na miaka, zikibadilishwa jina la mji tu. Ukitaka kuhakikisha, sikiliza Radio Okapi au Radio Maendeleo, au muulize muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha mtaa wako. Huyo ndiye hupokea maagizo ya zone, na kama kuna tahadhari ya kweli atakuwa ameambiwa atafute dalili gani.

Lakini tusijidanganye kwamba shida ya Bukavu ni woga. Shida yetu kubwa ni uchovu. Agosti 2019 Ebola iliingia Kivu ya Kusini, ikapiga Mwenga, ikazimwa. Machi 2020 ikaja korona. Septemba 2023 mpox ya aina mpya ikaonekana Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu, ikashuka hadi Kavumu na hapa mjini. Tarehe 14 Agosti 2024 WHO ikaitangaza kuwa dharura ya dunia nzima. Kipindupindu hata hatukihesabu tena. Juu ya hayo yote kuna vita, na tangu kundi la M23 liingie mjini Februari 2025 mtu ana mengine mengi ya kumkosesha usingizi. Ukimwendea mtu wa namna hiyo ukamwambia kuna mafua yanatoka ng'ambo, atakuuliza kitu kimoja: «Na hiyo italetea nani pesa?»

Swali hilo si la kijinga, na wataalamu wanaolicheka wanakosea. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, magari makubwa, mishahara ya dola na nyumba za kupangisha kwa bei ya ajabu viliwafanya watu waseme kwamba Ebola ni biashara. Machi 2020 aliyekuwa waziri wa afya, Oly Ilunga, alihukumiwa Kinshasa kifungo cha miaka mitano cha kazi ngumu kwa kufuja zaidi ya dola 400,000 za mapambano dhidi ya Ebola. Kwa hiyo waliosema pesa zinaliwa walisema kweli. Lakini Ebola hiyohiyo, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, iliua watu 2,287. Pesa ziliibwa, na ugonjwa ulikuwapo. Mambo mawili tofauti, yote ya kweli.

Hapo ndipo tunapoteleza. Tuna maswali mawili na tunayajibu kwa jibu moja. Swali la kwanza: je, ugonjwa upo? La pili: je, wanaousimamia ni waaminifu? Ukishaona la pili lina jibu baya, unafunga na la kwanza: wakubwa ni wezi, basi ugonjwa ni uongo. Ndivyo watu walivyokufa. Uamuzi wa kuosha mikono au kumtenga mgonjwa hauhitaji umwamini waziri, gavana, mzungu wala mwanajeshi yeyote, na ushauri wangu mwingi hapa ni wa aina hiyo: mambo unayoweza kufanya hata kama humwamini mtu.

Tukumbuke pia kilichotokea hapa hapa mwaka 2020. Daktari Mukwege, ambaye alikuwa amepata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, alipewa kazi ya kuongoza upande wa afya katika mapambano ya jimbo dhidi ya korona. Tarehe 10 Juni alijiuzulu. Sababu alizieleza waziwazi: sampuli za Bukavu zilikuwa zinapelekwa Kinshasa na majibu yalichukua zaidi ya wiki mbili, watu walikuwa wamelegea na wengine wakikana kwamba ugonjwa upo, mipaka ilikuwa inapenyeka na maelfu walikuwa wanarudi bila kuwekwa karantini. Akasema anarudi kwa wagonjwa wake. Mimi nayasoma maelezo yale kama onyo la kazi. Ikiwa mtu mwenye jina lile hakupata majibu ya maabara kwa wakati, wewe na mimi tusipange maisha yetu kwa kungoja majibu ya maabara. Kwa mafua wiki mbili ni nyingi mno: mtu huanza kuumwa siku moja hadi nne baada ya kuambukizwa, na huambukiza wengine tangu siku moja kabla hajaanza kukohoa. Majibu yatakapofika, avenyu nzima itakuwa imeshapona au imeshazika.

Kwa hiyo, mtu akiwa na homa na kikohozi wakati kuna tahadhari, mchukulie kama ana mafua hayo, bila kumpachika jina. Nyumba zetu za Kadutu na Cimpunda ni za mbao, chumba na sebule, watu wanane. Najua kumtenga mgonjwa kwa maana ya hospitali hakuwezekani. Kinachowezekana ni hiki: mgonjwa alale karibu na dirisha au mlango, kichwa chake kiwe mbali na vichwa vya wengine, na mtu mmoja tu amhudumie, asiwe mjamzito wala bibi mzee. Mchana, jua likitoka, akae nje ukutani. Bukavu ni baridi na tumezoea kufunga kila tundu usiku. Wakati wa mafua acha dirisha wazi kiasi cha kiganja na umwongezee mgonjwa blanketi. Na usiingize mbabula ya makaa chumbani ili apate joto. Hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa huua usiku mmoja, kabla mafua hayajafanya lolote.

Kikombe na kijiko chake viwe vyake peke yake. Barakoa ya kitambaa ivaliwe na mgonjwa kwanza, maana yeye ndiye anayetoa virusi. Anayemhudumia naye avae anapomkaribia.

Mikono. Watu wanasema, utanawaje na maji ya REGIDESO yanatoka mara moja kwa juma? Kunawa hakutaki maji mengi, kunataka maji yanayomiminika. Angalia tunavyonawa kwenye kilio au karamu: beseni moja linazungushwa, wa kwanza anachovya mikono, wa pili anachovya, mpaka wa ishirini, na yule wa ishirini anakula bugali kwa mikono iliyooshwa kwa uchafu wa watu kumi na tisa. Chukua bidoni ya lita tano, itoboe tundu dogo chini karibu na kitako kwa msumari uliopashwa moto, ziba tundu kwa kijiti, itundike mlangoni na kipande cha sabuni kwenye kamba. Ukichomoa kijiti, maji yanatoka kama uzi, na bidoni moja inawatosha watu wengi. Sabuni ikikosekana kabisa, jivu safi la jikoni ni bora kuliko maji matupu.

Sasa farmasi, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Mtu anakohoa siku mbili, anaingia farmasi ya kwanza barabarani, anatoka na amoxi, na dexa, na sindano ya kitu ambacho hata jina lake hakuambiwa. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Amoxi ina kazi yake pale nimonia ya bakteria inapomwingia aliyedhoofishwa na mafua, lakini hilo aamue mhudumu wa afya aliyekusikiliza kifua, si kijana wa kaunta. Dexa, yaani dexamethasone, ni hatari zaidi. Wakati wa korona ilionekana kusaidia wagonjwa mahututi waliowekewa oksijeni, basi. Anayeimeza nyumbani kwa mafua ya kawaida anaipunguzia damu yake nguvu ya kupigana. Paracetamol inatosha kwa homa na maumivu. Aspirini usimpe mtoto mwenye mafua hata kidogo. Maji, supu, uji: hayo ndiyo matibabu ya wagonjwa wengi.

Na miti shamba? Mwaka 2020 kulikuwa na limau, tangawizi, artemisia, kongo bololo, na sufuria za majani ya mikaratusi chini ya blanketi. Sina ugomvi na chai ya tangawizi; inapasha koo moto na inamfanya mgonjwa anywe. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichothibitishwa kuzuia mafua, na kujifukiza kuna hatari yake: sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi pamoja na mtoto ni ajali inayongoja saa yake. Mtu mzima akitaka, ni hiari yake. Mtoto, hapana. Na kongo bololo isichukue nafasi ya kipimo cha malaria.

Hilo la malaria nalirudia kwa sababu ndilo tulilofunzwa na Kwango. Homa ikitajwa «mafua mapya», kila mtu anaacha kufikiria kitu kingine chochote. Mtoto anaungua, mama anasubiri apone mafua, kumbe ni malaria iliyokwisha kupanda kichwani. Kipimo cha haraka kinataka tone moja la damu kidoleni na dakika kama kumi na tano. Kila homa ya mtoto ipimwe malaria, kuwe na janga au kusiwe.

Kisha jifunze kuhesabu pumzi. Mama yeyote mwenye simu yenye saa anaweza. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mwinulie shati utazame tumbo na kifua. Kila kinapopanda, hesabu moja, mpaka dakika nzima itimie; usihesabu nusu dakika ukazidisha. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na mmoja akifika pumzi 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40 au zaidi, anapumua mbio kupita kawaida na inawezekana ni nimonia: anapelekwa kituoni siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akiwa hazinduki vizuri, usingoje asubuhi, tafuta motari. Kwa mtu mzima tazama haya: kukosa pumzi akiwa amekaa tu, maumivu ya kifua, midomo kubadilika rangi, kuchanganyikiwa, au homa iliyokuwa imeshuka kisha ikarudi kwa nguvu pamoja na kikohozi kibaya zaidi. Wajawazito wasisubiri hata hayo yote. Mafua huwazidi wao haraka.

Mafua makuu ya mwaka 1918 yaliua mamilioni ya watu duniani, na wengi wao walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata nyuma ya mafua. Leo kuna chanjo ya pneumokoki, mojawapo ya bakteria hao, katika ratiba ya chanjo za watoto wetu, pamoja na ya surua na nyinginezo. Tazama karatasi ya chanjo ya mwanao juma hili. Ikiwa kuna iliyorukwa kwa sababu ya vita au kuhama, kaikamilishe kabla janga halijaja, maana likishakuja foleni itakuwa ya watu wanaokohoa.

Kuhusu chanjo ya janga lenyewe, usiitegemee mwezi wa kwanza. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alithibitishwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Dozi za kwanza, milioni 1.7 za AstraZeneca, zilitua tarehe 2 Machi 2021. Serikali ikasita, chanjo ikaanza tarehe 19 Aprili, na kwa kuwa waliojitokeza kuchanjwa walikuwa wachache na dozi zilikuwa zinakaribia kuisha muda wake, dozi kama milioni 1.3 zikapelekwa nchi nyingine. Ubishi ulikuwa umeanza mapema: Aprili 2020 Profesa Muyembe, mmoja wa waliogundua Ebola mwaka 1976, alisema Kongo iko tayari kushiriki majaribio ya chanjo, na nchi ikawaka kwamba tunafanywa panya wa maabara. Kuuliza ni haki yako. Uliza imejaribiwa wapi, kwa watu wangapi, inawafaa nani, ina madhara gani. Ila muulize mtu anayeweza kujibu, na ukishajibiwa, amua.

Kuku nao. Virusi vya mafua ya ndege aina ya H5N1 vinatisha dunia tangu vilipoua watu Hong Kong mwaka 1997, na Machi 2024 vilionekana hata kwa ng'ombe wa maziwa Marekani. Kwetu, ndugu yao H5N8 alifika mwaka 2017: Uganda kwenye Ziwa Victoria, kisha Ituri kwenye Ziwa Albert. Virusi hivi havijaanza kupita kirahisi kutoka mtu hadi mtu. Siku vikitajwa, huna haja ya kuacha nyama wala mayai. Vikiiva kabisa, virusi hufa. Hatari iko kwa anayechinja na kunyonyoa. Kuku wakifa ghafla wengi pamoja, au bata wa ziwani wakiokotwa wamekufa, usiwauze wala usiwachinje haraka «kabla hawajafa wote». Hapo ndipo njaa inapotushinda, na ninaelewa, lakini ndipo pa kujikaza. Zika, nawa, mwite daktari wa mifugo.

Ushauri wa mwisho ni wa tumbo. Machi 2020 mpaka wa Ruzizi ulipofungwa, akina mama waliokuwa wanavuka kila asubuhi kwenda Kamembe kutafuta nyanya na maziwa walibaki bila mtaji, na Bukavu ikaonja bei mpya. Janga lolote litagusa mpaka huo kwanza. Kama una uwezo, usikimbilie kununua gunia kumi siku ya tangazo. Hilo linapandisha bei kwa jirani. Weka pole pole tangu sasa: unga, maharagwe, chumvi, sabuni, chumvi za kurudisha maji mwilini, paracetamol. Walio katika likelemba, kuchangiana pesa kwa zamu, wakubaliane mapema kwamba mwanachama aliyelazwa atapokea zamu yake kabla ya wakati. Viongozi wa makanisa na misikiti waamue leo, wakiwa na utulivu, ibada itahamia wapi nje, na kilio kitafanywaje bila watu mia kulala chumba kimoja. Tukiamua mambo haya jioni ya msiba, tutagombana.

Na usimtupie jiwe anayepita mlango kwa mlango na karatasi ya maswali. Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko wa WHO aliuawa kwa risasi Butembo, akiwa hospitalini kazini. Huyu wa mtaani kwetu mara nyingi ni jirani wa kujitolea anayelipwa kidogo au halipwi kabisa. Mwambie unachokiogopa, muulize pesa zinakwenda wapi ukitaka, lakini mwoneshe mtoto anayekohoa.

Kabla hujalala leo, hakikisha mambo mawili: kituo gani cha afya karibu nawe kinapokea wagonjwa usiku, na namba ya motari anayekubali kutoka saa hizo. Ziandike mlangoni, zisibaki kwenye simu peke yake, maana umeme wa SNEL hauna ahadi.